Ufa wa Dashibodi: Kipuri Asilia na Amana ya Kumbukumbu

Wahenga walisema: usipoziba ufa utajenga ukuta. Hekima hiyo haina mpinzani maadamu ufa ni wa ukuta. Lakini upo ufa mwingine ambao kwa miongo kadhaa umewatia mafundi na wapenzi wa motokaa kongwe katika mjadala usiokwisha. Ni ufa unaotokea juu ya dashibodi ya Datsun 240Z, gari lililotengenezwa Japan tangu 1969 hadi 1973. Huanza mwembamba kama unywele, karibu na kioo cha mbele au pembeni mwa saa za dereva, kisha hurefuka mwaka baada ya mwaka mpaka sponji ya manjano iliyofichwa ndani ikachungulia nje. Hauzuii gari kwenda. Injini haiujui, wala breki. Hata hivyo mwenye gari hawezi kukaa nyuma ya usukani asiuone, na siku atakapoamua kuutengeneza atakabiliwa na swali ambalo halijibiwi kwa bisibisi: je, kuuziba ufa huu ni kulihifadhi gari, au ni kuifuta historia yake?

Swali hilo si la gereji peke yake. Aliyepata kushika hati kongwe ya utenzi iliyotobolewa na mchwa amekutana nalo. Aliyesimama mbele ya mlango wa nakshi uliopotelewa na mbao mbili amekutana nalo pia. Ndiyo maana historia ya dashibodi, kitu kinachoonekana kidogo na cha pembeni, inastahili kusimuliwa tangu asili yake.

Ubao wa kukinga matope

Neno dashibodi limeingia katika Kiswahili kutoka Kiingereza, na katika Kiingereza chenyewe halikuanza na motokaa. Katikati ya karne ya 19 lilikuwa jina la ubao au kipande cha ngozi kilichosimamishwa mbele ya gari la farasi, ili kumkinga mwendeshaji na matope yaliyorushwa na kwato. Motokaa zilipoanza kuundwa, waundaji wake walikuwa wamelelewa katika ufundi wa magari ya farasi, wakauchukua ubao ule kama ulivyo. Motokaa ya Oldsmobile iliyotengenezwa Marekani kati ya 1901 na 1907, kwa idadi ya takriban 19,000, ilipata jina lake kutokana na ubao wa mbele uliopindwa kwa madaha miguuni mwa dereva. Farasi alikuwa ameshaondoka, lakini ubao wa kukinga matope yake ulibaki pale pale.

Ubao huo haukuwa na la kusema kwa sababu hapakuwa na chombo cha kusemea. Dereva aliijua kasi yake kwa upepo wa usoni na joto la injini kwa harufu. Mabadiliko yalianza mwaka 1902, pale Mjerumani Otto Schulze aliposajili hati miliki ya spidomita inayotumia sumaku. Ufundi wake ulikuwa mwepesi kuelezeka, na ulitumika kwa sehemu kubwa ya karne ya 20. Waya unaozunguka ndani ya bomba lake huleta mzunguko kutoka kwenye giaboksi au gurudumu hadi nyuma ya saa. Mwisho wa waya umefungwa sumaku, na sumaku inazunguka ndani ya kikombe chepesi cha aluminiamu bila ya kukigusa. Mzunguko wa sumaku huzaa umeme ndani ya kikombe, umeme huo hukivuta kikombe kifuate, na springi nyembamba kama unywele hukizuia kisiende mbali. Mshale uliofungwa kwenye kikombe husimama pale nguvu mbili hizo zinapolingana. Gari likiongeza mwendo, mvuto huzidi na mshale hupanda. Likipunguza, springi huurudisha.

Haja ya chombo hicho ilitiliwa nguvu na sheria. Uingereza, kwa sheria ya mwaka 1903, iliweka kikomo cha mwendo cha maili 20 kwa saa, na tangu hapo dereva aliyekamatwa na polisi alihitaji shahidi wa kumtetea. Nyumba ya saa ya Samuel Smith ya London, iliyokuwa ikiuza saa, iliingia katika biashara ya spidomita mwaka 1904. Baadaye jina la Smiths likawa linasomeka kwenye uso wa saa za magari mengi ya Kiingereza, kama vile jina la VDO lilivyosomeka kwenye magari ya Kijerumani.

Hivyo ubao wa matope ukageuka kuwa mahali pa ushahidi, na mashahidi wake wakuu ni wawili. Mshale wa spidomita hutoa habari ya sasa; dakika ikipita, nao umesahau. Mita ya masafa, ile safu ya vigurudumu vidogo vya namba vilivyopangwa chini ya mshale, hukumbuka yaliyopita yote, maili kwa maili. Shahidi huyu wa pili ndiye aliyekuja kuleta matatizo makubwa zaidi kwa watengenezaji wa magari makongwe, kama itakavyoonekana.

Chuma, sponji na jua

Hadi miaka ya 1950 dashibodi za magari mengi zilikuwa za chuma kilichopakwa rangi ile ile ya bodi, au za mbao zilizong'arishwa. Chuma kilikuwa na fadhila moja na ila moja. Fadhila yake ni kwamba hakipasuki: dashibodi ya chuma ya mwaka 1950, ikiwa haikuliwa na kutu, inaweza kusuguliwa na kupakwa rangi upya, ikawa kama ilivyotoka kiwandani. Ila yake ni kwamba haina huruma. Gari lilipogonga, kichwa cha abiria ndicho kilichokutana nacho, na kati ya viwili hivyo chuma hakikuwa cha kuvunjika.

Mwaka 1965 mwanasheria wa Marekani Ralph Nader alitoa kitabu kilichoyashutumu makampuni ya magari kwa kupuuza usalama wa watu. Mwaka uliofuata Bunge la nchi hiyo lilipitisha sheria ya usalama wa magari, na kuanzia Januari 1968 magari ya abiria yaliyouzwa huko yalitakiwa yawe na kinga ndani, zikiwemo sehemu za dashibodi ambazo kichwa kinaweza kuzigonga. Watengenezaji wa nchi zote waliotaka soko la Marekani walilazimika kufuata. Chuma kikarudi nyuma kuwa mifupa, juu yake ikamiminwa sponji, na juu ya sponji ikavikwa ngozi ya plastiki ya vinili.

240Z ilizaliwa katika zama hizo hizo, na kwa soko hilo hilo. Dashibodi yake ni kazi ya kupendeza. Mbele ya dereva zimekaa saa mbili kubwa zilizozama ndani ya mapango yake, moja ya mwendo na moja ya mizunguko ya injini. Katikati zimepangwa saa tatu ndogo, kila moja katika tundu lake, zote zimegeuzwa kumtazama dereva kana kwamba zinamnong'oneza yeye peke yake: joto la maji pamoja na msukumo wa oili, chaji ya betri pamoja na mafuta, na saa ya majira. Umbo zima limeviringwa bila ya kona kali, jambo ambalo chuma kisingeliwezesha kwa urahisi.

Lakini kilichotiwa ili kumlinda binadamu kilikuwa laini, na ulaini wake ulikuwa wa kukopa. Vinili kwa asili yake ni ngumu. Hulainishwa kwa kuchanganywa na vilainishi vya kikemikali. Gari likiachwa juani vioo vyake vikiwa vimefungwa, joto huvitoa vilainishi hivyo kidogo kidogo, na utando wa mafuta unaoonekana ndani ya kioo cha mbele ni sehemu ya uhai wa dashibodi unaokwenda zake. Vinili ikishakauka hunywea, sponji iliyo chini yake nayo inachakaa, na kwa kuwa mifupa ya chuma hainywei, ngozi haina budi kupasuka. 240Z, yenye kioo kilicholala na kukubali jua la mchana kutwa, haikuwa na pa kujificha. Wakaazi wa mwambao hawahitaji kuelezwa zaidi: kitambaa au zulia dogo linalotandikwa juu ya dashibodi za magari ya huku ni dawa ya ugonjwa huo huo.

Gari lililopita Afrika Mashariki

Ipo sababu inayolifanya gari hilo lisiwe geni kwa wasomaji wa upande huu wa dunia. Mashindano ya Safari yalianzishwa mwaka 1953, kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II, yakapita katika ardhi ya Kenya, Uganda na Tanganyika. Kwa miaka mingi yalifanyika wakati wa Pasaka, musimu wa mvua, na sifa yake ilikuwa ni kuyavunja magari kuliko kuyashindanisha. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda wakiwa na 240Z, na wa pili akawa Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, akiwa na Mike Doughty katika gari la aina hiyo hiyo. Mwaka 1973 Mehta mwenyewe alishinda, safari hii pamoja na Lofty Drews, baada ya kulingana pointi na Harry Källström aliyekuwa na Datsun ya aina nyingine. Huo ulikuwa wa kwanza kati ya ushindi wake mitano.

Katika mashindano ya namna hiyo dashibodi haikuwa pambo. Adhabu zilihesabiwa kwa dakika za kuchelewa, na njia ilisomwa kwa masafa: baada ya maili kadhaa, geuka kushoto, baada ya nyingine kadhaa, kuna mto. Magari ya mashindano ya zama hizo yaliongezewa mbele ya msaidizi wa dereva mita maalumu za masafa, aghalabu za Halda kutoka Sweden, pamoja na saa za kuhesabia muda. Matundu ya skurubu yalitobolewa bila ya kusita, swichi zikaongezwa, nyaya zikapitishwa palipowezekana. Fundi wa leo anayekutana na dashibodi ya gari la namna hiyo akaona tundu lisilomo katika michoro ya kiwanda, afanyeje? Akiliziba, dashibodi itakuwa kama ilivyotoka kiwandani, lakini itakuwa imesahau kwamba ilipata kwenda Safari. Tundu hilo ndilo asili ya gari lile, na uzima wa dashibodi ungekuwa uwongo.

Gari lililoshinda mwaka 1971 halikubaki Afrika Mashariki. Limo katika hazina ya magari ya kihistoria ya Nissan huko Zama, Japan. Njia zilizolipa jina ziko huku, na chombo chenyewe kiko kule. Anayetaka kuiona dashibodi iliyotazamwa usiku kucha katika vumbi na tope za nchi hizi, hana budi kuvuka bahari.

Kazi ya fundi

Kuiondoa dashibodi ya 240Z ni kazi ya subira kuliko ya nguvu. Betri hukatwa kwanza. Usukani hutolewa, halafu redio, halafu vishikio vya kupitishia hewa ya joto, halafu saa moja moja. Kila waya hufungwa kijikaratasi kabla ya kuchomolewa, kwa sababu rangi za nyaya za nusu karne zimefifia, na nyekundu na kahawia zimeshakuwa ndugu. Kila skurubu hutiwa katika mfuko wake na kuandikwa ilikotoka. Fundi mzoefu huifanya kazi hii siku ya joto, kwani vinili iliyokauka ikikunjwa kwa baridi hulia mara moja tu, na ufa mmoja huwa miwili.

Ikishalazwa mezani, njia zilizo mbele yake ni tano. Ya kwanza ni kuibandika juu yake ganda jipya la plastiki lililofinyangwa kwa umbo lake. Ni rahisi, na lililo chini hufichika bila ya kutibiwa. Ya pili ni kuzikata kingo za ufa, kuujaza kwa gundi inayokubali kupinda, kuipiga chapa ya vinyweleo vya ngozi na kuipaka rangi. Ni kazi ya mikono, na ikifanywa vyema jicho halioni kitu. Ya tatu ni kuichuna ngozi yote, kuijenga sponji upya na kuivika vinili mpya kwa joto na mvuto wa hewa juu ya mifupa ile ile. Ya nne ni kununua dashibodi mpya iliyoigizwa. Ya tano, na ndiyo inayosifiwa kuliko zote, ni kutafuta dashibodi nyingine asilia isiyo na ufa, iliyotoka katika gari lililokaa ndani miaka yote au lililokufa kwa sababu nyingine.

Nissan yenyewe ilipata kuonja ugumu wa kazi hii. Mwishoni mwa miaka ya 1990 tawi lake la Marekani liliamua kuzinunua 240Z kongwe, kuzitengeneza upya kwa vipuri vya kiwanda, na kuziuza tena kupitia mawakala wake kwa bei ya karibu dola 25,000. Gari hilo hilo lilipotoka mara ya kwanza liliuzwa kwa dola 3,500 na ushei. Mpango ulikuwa wa magari 200. Yaliyokamilika hayakufika 50. Gharama za kulirudisha gari katika ujana wake zilipita bei ambayo mnunuzi alikuwa tayari kulipa. Ikiwa aliyeliunda gari, mwenye michoro na ghala, alishindwa kulifanya kuwa biashara, haishangazi kuwa mtu binafsi hulifanya kwa mapenzi tu.

Namba mbili

Njia ile ya tano, ya kutumia kipuri asilia kutoka gari jingine, huonekana kuwa haina lawama. Kipuri ni cha kiwanda kile kile, cha mwaka ule ule, na pengine kilipita katika mikono ya mfanyakazi yule yule. Lakini dashibodi hiyo ngeni haiji peke yake. Huja na namba mbili zisizokuwa za gari linaloipokea.

Namba ya kwanza ni jina la gari. Kanuni za Marekani zilitaka, kuanzia magari ya mwaka 1969, namba ya utambulisho iwekwe mahali inapoweza kusomwa kutoka nje kupitia kioo cha mbele. Katika 240Z za soko hilo imo katika kibati kidogo kilichopigiliwa juu ya dashibodi, na imegongwa pia kwenye ukuta wa chuma uliopo baina ya injini na abiria. Fundi akiifunga dashibodi ya gari jingine pamoja na kibati chake, gari litakuwa na majina mawili. Akikiondoa na kupigilia kingine, hana budi kuwa mwangalifu sana, kwani kuiondoa au kuigeuza namba hiyo kwa hila ni kosa la jinai, na mpaka baina ya tengenezo na hila huonekana katika nyaraka tu.

Namba ya pili ni ya mita ya masafa. Spidomita ya gari la maili 40,000 ikifungwa katika gari lililokwenda maili 90,000, maili 50,000 zimezikwa bila ya matanga. Fundi atasema hakukusudia. Alitafuta spidomita nzima yenye uso safi, akaifunga. Lakini mnunuzi wa kesho hatanunua nia ya fundi, atanunua namba anayoiona. Marekani ililitazama jambo hili mwaka 1972, ilipopitisha sheria iliyoharamisha kuchezea mita za masafa. Busara ya sheria hiyo imo katika kipengele kidogo. Mita ikitengenezwa au ikibadilishwa na isiwezekane kurudishiwa masafa yake ya kweli, basi na iwekwe sifuri, na kibandiko kibandikwe kwenye fremu ya mlango wa kushoto kikieleza gari lilikuwa limekwenda masafa gani kabla ya tengenezo, na tengenezo lilifanyika tarehe gani.

Yafaa kulizingatia jambo hilo. Sheria haikumzuia mtu kutengeneza. Haikumwambia akae na mita mbovu kwa ajili ya heshima ya kale. Ilimtaka tu, pale asipoweza kusema kweli kwa namba, anyamaze kwa sifuri, na kweli aiandike mlangoni.

Gari namba 57

Mfano wa ufundi uliofuata mwendo huo ulionekana Ujerumani. Mwaka 2014 zilipatikana Porsche mbili kuukuu katika banda huko Brandenburg. Moja ilikuwa nyekundu, yenye chasisi namba 300.057, iliyotengenezwa Oktoba 1964, wakati gari la aina hiyo lilikuwa bado likiitwa 901. Mwezi huo huo kampuni ya Peugeot ilidai haki ya majina ya namba tatu yenye sifuri katikati, na 901 ikageuzwa kuwa 911, jina lililokuja kujulikana ulimwenguni. Jumba la makumbusho la Porsche lilikuwa halina gari la siku hizo za mwanzo kabisa. Lililinunua gari bovu, lenye kutu na lisilo na madigadi za mbele, kwa euro 107,000 zilizopendekezwa na mthamini asiyefungamana na upande wowote.

Matengenezo yalichukua miaka mitatu, na gari likaonyeshwa Zuffenhausen Desemba 2017. Kanuni iliyowekwa tangu mwanzo ilikuwa ni kukihifadhi kila kipande kinachohifadhika badala ya kukibadilisha, iwe ni bodi, injini, nyaya au mapambo ya ndani. Pale palipokosekana kitu hakikufinyangwa kipya. Vilichukuliwa vipande asilia vilivyokatwa kutoka gari jingine la zama zile zile. Kwa kiwanda chenye uwezo wa kuunda gari zima jipya kwa muda mfupi, kujinyima huko kulikuwa ni uamuzi, si umasikini.

Fikra hiyo ilikuwa imeshaandikwa. Shirikisho la kimataifa la magari makongwe, FIVA, lililoundwa mwaka 1966, lilipitisha mwaka 2012 hati iitwayo Mkataba wa Turin. Mkataba huo uliufuata nyayo za ule wa Venice wa mwaka 1964 juu ya majengo ya kale, ambao ni miongoni mwa misingi ya uhifadhi wa miji ya urithi wa dunia, Mji Mkongwe wa Zanzibar ukiwa mmojawapo tangu mwaka 2000. Mkataba wa Venice unasema kwamba kipande kinachojazwa mahali palipopotea kitu kipatane na kizima, lakini kiweze kutambulikana kuwa si cha asili. Ule wa Turin uliyahamishia hayo katika magari: alama za umri ni sehemu ya historia, hifadhi itangulizwe mbele ya matengenezo, kazi yote iandikwe, na vipuri vilivyotiwa vitiwe alama ya kudumu isiyoharibu sura. Kwa maneno mengine, kile kibandiko cha mlangoni kilipewa hadhi ya kanuni.

Hati na gari

Wapenzi wa ushairi wa Kiswahili hawana haja ya kwenda Turin kuielewa kanuni hiyo. Mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, yalikusanywa mwishoni mwa karne hiyo na W. E. Taylor kwa msaada mkubwa wa Mwalimu Sikujua bin Abdallah, na yakaja kuchapwa katika diwani na W. Hichens mwaka 1940. Hichens huyo huyo alikuwa ametoa Al-Inkishafi mwaka 1939. Nakala za utenzi huo zinatofautiana kwa idadi ya beti na kwa mpangilio wake. Mhariri aliyeona pengo katika nakala moja na ubeti katika nyingine alikuwa katika hali ile ile ya fundi mwenye dashibodi yenye ufa na gari la pili lenye kipuri kizima.

Ubeti uliohamishwa kutoka nakala nyingine ni asilia. Hakuna aliyeutunga mezani. Lakini nakala mbili zina safari mbili, mikono miwili iliyozinakili, na huenda zina lahaja mbili zilizojipenyeza. Mhariri akiziunga pasi na kueleza, msomaji atapokea utenzi mtimilifu ambao haukupata kuandikwa na mtu yeyote. Akieleza kwamba ubeti huu umetoka kule na neno hili limefutika, msomaji atapata utenzi pamoja na historia yake. Tofauti baina ya wahariri hao wawili haimo katika mizani wala vina. Imo katika maelezo ya chini ya ukurasa, yaliyopigwa kwa herufi ndogo ambazo wengi huziruka.

Ni hapo penye uzito wa jambo. Kipuri asilia husifiwa kana kwamba uasili wake ni sifa iliyomo ndani yake, kama utamu katika asali. Dashibodi asilia iliyotolewa katika gari moja ikatiwa katika jingine bila ya kuandikwa ni ushahidi wa uwongo uliotolewa na shahidi mkweli. Na ufa uliozibwa kwa gundi, ikiwa umepigwa picha kabla, ukaandikwa ulikuwa na urefu gani na umezibwa na nani mwaka gani, umeongeza ukurasa katika historia ya gari. Linalompasa mtengenezaji ni kumtunzia mtumiaji wa kesho uwezo wa kujua, awe ameziba au ameacha.

Gharama ya kufanya hivyo ni ndogo kuliko gharama ya kipuri chochote: ni daftari moja, kalamu na picha chache. Dashibodi ya zamani iliyotolewa, hata ikiwa imepasuka vipande vitatu, haitupwi; hufungwa kitambaa na kuwekwa darini pamoja na kibati chake na karatasi inayosema ilitoka gari gani. Mjukuu atakayekuja kulirithi gari hilo huenda akawa na gundi bora kuliko za leo, au akaamua kwamba nyufa zile ndizo anazozitaka. Akilikuta daftari, atajua aanzie wapi.